Foklifti Isiyo na Kasoro

Watu wa kazi hii huniita Kasoro. Jina hilo nilibandikwa na mume niliyeachana naye, akidhani ananitukana, kumbe ananitangazia biashara. Mtu akitaka kununua mashine iliyokwisha kutumika na hataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hunituma mimi kwanza. Naenda, nainama, nachungulia, nanusa, kisha namwambia nilichokiona. Wauzaji hawanipendi. Wengine hunikimbilia na soda kabla sijagusa hata bolti moja. Soda nainywa, ila haijawahi kunifumba macho.

Asubuhi ile nilikuwa nimetumwa na tajiri mmoja muuza vigae, mtu mwenye haraka kama anayefukuzwa. Alinipigia simu nikiwa bado barabarani.

"Fundi, umeiona? Iko vipi?"

"Bosi, hata geti sijaliona."

"Lakini wewe kwa hisia zako?"

Nikakata simu. Hisia zangu kwa wakati huo zilikuwa juu yake, si juu ya foklifti.

Geti lilifunguliwa na mzee mrefu aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Alinitazama mikono kwanza, uso baadaye.

"Wewe ni fundi au dalali?"

"Fundi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Afadhali. Madalali wanatazama rangi."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala lililo wazi upande mmoja, paa la mabati, sakafu ya saruji iliyofagiwa hadi kwenye kona ambazo hakuna anayezifagia. Dirisha la jiko lilikuwa linatazamana na ghala hilo. Mama mmoja mtu mzima alikuwa pale dirishani anaosha vyombo. Nilimwamkia kwa sauti, akaitikia vizuri tu, lakini hakuinua macho. Mzee akasema ni mkewe, na kwamba huku ghalani hakanyagi.

Foklifti yenyewe, mashine ya kunyanyulia mizigo, ilikuwa katikati, ya manjano iliyopauka, meno yake mawili ya chuma yamelala sakafuni. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto. Hiyo ni mbinu ya kale: injini inayogoma asubuhi huamshwa mapema ili mnunuzi aikute imechangamka.

"Mzee, umeiwasha kabla sijaja."

"Naiwasha kila asubuhi."

"Kwa kazi gani?"

"Haina kazi."

Nikajisemea moyoni, leo nimepata mjanja. Nikavaa ovaroli, nikaanza. Paipu za mafuta zilikuwa mpya, zote, hata zile ambazo watu huzifunga mpira na kusema Mungu atajalia. Minyororo ya kunyanyulia mpya, imepakwa grisi pingili kwa pingili. Sili za silinda, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, mpya. Valvu za kupandisha na kushusha bado zinang'aa. Nikaiwasha, nikaizungusha, nikakanyaga breki, zikanishika mpaka kifua kikagonga usukani. Nilitafuta ufa kwenye meno, nikatafuta mahali palipochomelewa kwa siri, nikalala chini kwa mgongo nikatafuta tone la mafuta. Hakuna. Saa nzima nimekosa kosa hata la kuombea punguzo, na kusema kweli nilianza kukasirika. Mtu hafanyii mashine yote haya halafu akaiuza.

Nikasema tuijaribu kwa mzigo. Kando kulikuwa na tofali kubwa la zege lililofungwa juu ya paleti ya mbao. Nikalinyanyua hadi juu ya kimo changu, nikazima injini, nikachora mstari wa chaki kwenye mlingoti wa chuma, usawa wa meno. Mashine iliyochoka hushuka yenyewe taratibu; mstari wa chaki hukuumbua. Ilibidi tusubiri, na wakati wa kusubiri ndipo nilipokiona kiti.

Kilikuwa kiti cha plastiki, cheupe zamani. Tulipoanza kilikuwa kimeegemezwa ukutani, mzee ndiye aliyekileta bila kusema neno na kukiweka chini ya meno, chini kabisa ya lile zege. Kwenye saruji palikuwa na alama nne za miguu ya kiti, zimechimbika. Kiti kikaingia kwenye alama zake. Mzee akakaa.

"Mzee! Toka hapo!"

"Hapa ndipo ninapokaa," alisema, kama mtu anayezungumzia baraza lake.

Nilimvuta mkono. Alikubali kuinuka, akasimama pembeni yangu, na hapo ndipo aliponieleza, macho yake yakiwa kwenye zege na si kwangu.

Alikuwa na mwana mmoja. Walifanya kazi pamoja kwa foklifti hii hii, wakikodishwa kushusha mizigo ya malori. Siku moja mchana kijana aliingia chini ya meno yakiwa yamenyanyuliwa, kukaza nati. Mzee alikuwa kwenye kiti cha dereva, injini inanguruma. Meno yakashuka. Hayakushuka polepole.

"Sikugusa kitu," mzee alisema. "Mkono wangu ulikuwa gotini. Ilishuka yenyewe."

"Pole sana, mzee wangu."

"Sitaki pole, fundi. Nataka unionyeshe ni nini kilichoishusha."

Nikamwuliza ni wanunuzi wangapi wameshakuja. Akasema wengi. Akasema hajawahi kuwa na nia ya kuuza. Huitangaza tu, kwa sababu mnunuzi huja na fundi, na fundi wa mnunuzi hana sababu ya kumwonea mtu haya. Mwingine alisema ni mnyororo, mzee akabadilisha mnyororo. Mwingine akasema paipu. Mwingine, huyu nadhani alikuwa na roho nzuri, alimshika bega akamwambia ni valvu, mzee wangu, kalale sasa. Mzee akabadilisha valvu zote za juu.

"Na hicho kiti?"

"Lazima nihakikishe. Kabla sijabadilisha chochote nanyanyua mzigo nakaa, nione kama itashuka. Haishuki. Nabadilisha, nanyanyua tena, nakaa. Haishuki. Sasa nitajuaje kama nilichokibadilisha ndicho chenyewe?"

Hapo nikaogopa. Si kwa ajili ya mizimu; mizimu ningeifukuza kwa matusi. Niliogopa kwa sababu hesabu yake ilikuwa sawa. Na nilielewa kilichomweka chini ya chuma miaka yote hiyo. Siku ile palikuwa na watu wawili tu na mashine moja. Kama mashine haina hatia, basi aliyebaki ni yeye.

Nikatazama mstari wa chaki. Haukusogea hata unywele.

"Umeona nini?" aliniuliza. Alikuwa anauliza kama mtu aliyekaa nje ya chumba cha daktari.

Naapa, uongo ulinijia mpaka kwenye ulimi. Ningesema pampu. Kati ya vyote nilivyokwisha kuvikagua, pampu ndiyo pekee iliyokuwa ya zamani. Angeshukuru, angenipa mkono, na kesho angekuwa chini ya zege akiijaribu pampu. Wale wenye roho nzuri wote walimrudisha pale pale kwenye kiti. Sasa mimi ambaye sina roho nzuri, nikaumeza ule uongo.

"Bado sijamaliza," nikasema. "Kuna valvu ndogo huku chini, kwenye kitako cha silinda. Ndiyo inayozuia mzigo usidondoke ghafla. Wenzangu waliikagua?"

"Waliogopa kuingia."

"Mimi pia naogopa. Ila nina kigogo."

Nilikileta kutoka kwenye gari. Ni kipande cha mti mgumu, kizito kuliko mtoto wa shule, na siingii chini ya chuma kilichonyanyuliwa bila kukisimamisha kwanza. Mafundi wenzangu hunicheka, huniuliza kama nimekuja na mume. Mzee alikigusa.

"Sisi hatukuwa na hiki. Tulikuwa tunaaminiana."

Tukashusha zege, tukaliweka kando. Nilihitaji injini iwake ili mafuta yawe na nguvu, nione kama valvu inavuja. Mzee akapanda kwenye kiti cha dereva. Ndani ya ghala la mabati injini ile ilimeza kila neno, na nilipompigia kelele kwamba hatutasikilizana, aliinama kunijibu karibu na sikio.

"Gonga chuma kwa spana. Mara moja, napandisha. Mara mbili, nashusha. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya mimi na yeye tangu akiwa anasoma. Watu walikuwa wanatucheka, eti baba na mwana wanaongea kwa vyuma."

Alitabasamu aliposema hivyo, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nikagonga mara moja. Meno yakapanda. Nikagonga tena, yakapanda mpaka nilipotaka, laini, kama anayeinua kikombe kilichojaa. Mzee alikuwa dereva hasa. Nikasimamisha kigogo, nikakitikisa, kimeshika. Nikajipenyeza chini, tochi mdomoni, nikaipata ile valvu. Kulikuwa na utelezi kuizunguka lakini ni grisi ya zamani tu, nikaifuta. Kavu. Nikaweka spana nikaze nati moja iliyolegea kidogo. Mikono yangu ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

Spana ikaniponyoka. Ikagonga fremu, ikadunda, ikagonga jino la chuma.

Na chuma kikaja.

Kilishuka mpaka kwenye kigogo, kigogo kikalia kama mfupa, na mimi nikapiga ukelele ambao nadhani hata mume niliyeachana naye aliusikia huko aliko. Sikumbuki nilitokaje. Nakumbuka nimesimama mbele ya mashine, tochi imevunjika, namtukana mzee wa watu matusi ya stendi.

"Unataka kuniua? Unataka kuniua wewe mzee?"

"Sijagusa kitu," alisema. "Imeshuka yenyewe. Umeiona? Umeiona sasa?"

Uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa na furaha, hilo ndilo lililonitisha kuliko kile chuma. Kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mpini wa kushushia, umeusukuma mpaka mwisho, na bado ulikuwa unausukuma.

Niliutazama ule mkono tu. Akafuata macho yangu, akashuka nayo taratibu, bega, kiwiko, mpaka akaufikia. Akautazama kama mtu aliyekuta mkono wa mgeni kwenye mfuko wake. Kisha akazima injini.

Yakabaki mabati tu, yakilia kwa jua.

"Niliusikia mlio wa spana," alisema mwishowe, polepole. "Mara mbili."

"Iliniponyoka, mzee. Ilidunda."

"Sikufikiri. Naapa sikufikiri."

"Najua. Mkono wako umezoea. Ukisikia unatii kabla kichwa hakijaulizwa." Nilijua nikisema linalofuata siwezi kulirudisha. "Siku ile, spana yake mliikuta wapi?"

"Chini," alisema. "Kando yake. Nilidhani aliiachia alipo..."

Hakumalizia. Alikuwa ameelewa. Na mimi niliyekuja kutafuta kasoro nilikuwa nimeipata, na sikujua niiweke wapi.

"Nani amegonga?"

Tuligeuka wote. Mkewe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa ghala, povu la sabuni linamchuruzika kwenye vidole. Hakuuliza nani ameumia, wala kwa nini nilipiga ukelele.

"Hakuna aliyegonga, mama," nikasema. "Spana imenianguka."

"Nimesikia mara mbili."

"Iligonga hapa, ikadunda, ikagonga pale."

"Nionyeshe, mwanangu."

Nikaiokota. Injini ilikuwa imezimwa, kigogo kimeshika, hata hivyo sikuingia. Nilinyoosha mkono tu, nikaiachia kutoka pale pale ilipokuwa. Ikalia mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili kidogo, haraka, kama inayoona haya. Mama akafumba macho.

"Tena."

Nikaiangusha tena. Akavua ndala, sijui kwa nini, akaingia ghalani peku, akaja mpaka karibu nami.

"Ni hiyo hiyo," alisema. "Ya pili ndogo. Ni hiyo hiyo kabisa."

"Unasema nini?" mzee aliuliza kutoka kule juu kwenye kiti.

"Nilikuwa dirishani siku ile. Nilisikia."

"Ulisikia kugongwa?"

"Nilisikia."

"Kwa hiyo ulijua." Sauti yake haikuwa ya hasira bado, ilikuwa inatafuta pa kukanyaga. "Ulijua mimi ndiye niliyeshusha. Miaka yote hii. Umenitazama nabadilisha paipu. Umenitazama nakaa pale chini."

"Nilikuwa nakutazama kila siku. Ulidhani vyombo vya watu wawili vinaoshwa asubuhi nzima?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Ningekuambia ulishusha, ungeniuliza kwa nini ulishusha. Ningekujibu nini, baba? Ningekujibu mwanao alikugongea?"

Mzee hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, na nikasema hivyo, maana sina adabu ya kunyamaza. Mama alinigeukia mimi. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kumwambia mtu asiyemjua. Akaniambia kwamba usiku wa kuamkia siku ile mwanawe alisukuma sahani, hakula. Alikuwa na siku nyingi haongei. Alipomwuliza ana nini, alijibu, "Mama, nimechoka na haya maisha," akaenda kulala.

"Lakini mama, kila mtu husema hivyo," nikasema. "Hata mimi nimesema leo asubuhi, kwenye foleni ya mafuta."

"Kila mtu husema. Ila wa kwangu kesho yake aliingia chini ya chuma, na mimi nikasikia imegongwa mara mbili." Akaitazama spana pale chini. "Na ile ya pili ilivyokuwa ndogo. Nilidhani alisita. Miaka yote hii, nikilala, nasikia mwanangu anagonga moja, anasita, halafu anagonga."

Simu yangu ililia mfukoni. Ni yule tajiri wa vigae. Niliiacha ilie mpaka ikachoka.

Mzee alishuka kwenye mashine. Ilimchukua muda, akishika hapa na pale kama mtu anayeshuka kutoka kwenye mti, na alipofika chini alisimama akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Nilifikiri ataanguka. Nilifikiri atakwenda kwenye kile kiti, na nilikuwa tayari kukipiga teke. Hakukitazama. Alimwendea mkewe.

"Hakukuwa na kusita," alimwambia. "Hakuniita. Alikuwa anakaza nati, mikono ina grisi, spana ikamponyoka. Mimi nikashusha."

Mama alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanashuka mpaka kidevuni.

"Mimi ndiye niliyeshusha," mzee akasema. "Yeye alikuwa anafanya kazi tu. Alikuwa atoke, aje kula."

"Sema tena," mama alimwambia.

Akasema tena.